Kioo Kilichoganda Kwenye Nne

Sogeeni karibu. Anayetaka kulala akalale sasa hivi, maana hadithi hii haina mwisho wa kumbembelezea mtu usingizi. Mimi nitaifikisha mahali, nitaitua, kisha mzigo utakuwa wenu. Nikishautua msinitolee macho, kwa sababu jibu sinalo, na miaka yote hii nimelitafuta.

Palikuwa na machimbo madogo ya dhahabu yaliyoitwa Kasenzemba, na katika machimbo hayo walikuwapo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Fundi Gwandu, mwenye kibanda cha redio na simu pale sokoni. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Umletee redio iliyokanyagwa na ng'ombe, atakaa nayo nusu siku na jioni inasoma taarifa ya habari. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Kila kitu alikipima kwanza kwa mita yake ya umeme, na watu walimtania kwamba hata mkewe alimpima kabla ya kutoa posa. Yeye alicheka nao, akaendelea kupima.

Wa pili ni Nsia, binti wa miaka ishirini na sita, mwenyeji wa Moshi, aliyesomea chuo cha ufundi. Kipaji chake kilikuwa kuviamuru vitu visivyo na masikio. Alikuwa na kompyuta ndogo iliyopasuka kona moja. Akiandika humo mistari yake ya programu, taa inawaka, mota inazunguka, kengele inalia. Wazee wa Kasenzemba walimwita mwalimu ingawa hakuwahi kumfundisha mtu.

Wa tatu ni Maganga, mshika winchi. Ndiye aliyewashusha watu shimoni na kuwapandisha, miaka kumi na moja, wala hajawahi kumwangusha mtu. Kipaji chake kilikuwa kukumbuka. Kamba ilifungwa lini, timba lipi la kuzuia mwamba lilikatwa na nani, waya gani umepita wapi, yote alikuwa nayo kichwani. Mwenye shimo hakuandika chochote. Alimuuliza Maganga, basi.

Sasa mjue kwamba mwaka mmoja kabla ya mambo haya, shimo la jirani lilikuwa limeua watu wanne. Mmoja alizidiwa na hewa chafu chini. Wa pili akamfuata kumwokoa, akalala juu yake. Wa tatu akawafuata, na wa nne naye hakusikia la mtu. Mmoja aliuawa na hewa, watatu wakauawa na huruma. Tangu siku hiyo watu wa Kasenzemba waliapa kwamba hakuna anayeshuka, hata kama aliye chini ni mamaye mzazi, mpaka hewa ijulikane.

Ndipo Nsia alipowatengenezea kisanduku. Kilikuwa na vitu vitatu. Palikuwa na ubongo, kidude kidogo kuliko kiberiti, kinachofikiri. Palikuwa na pua, inayoteremshwa hadi chini kunusa ule moshi wa mashine usio na harufu. Na palikuwa na kioo, kilichofungwa kwenye nguzo ya winchi, kinachoandika namba. Namba ikiwa chini ya thelathini na tano, shuka. Ikizidi hapo, kaa juu unywe chai yako.

Lakini sikilizeni hili vizuri. Pua na kioo havikuwa na njia mbili. Vyote viliongea na ubongo kwa waya mmoja wa data, kwa zamu. Mmoja akiongea, mwingine hungoja. Waya huo, usipotumiwa, hutakiwa usimame juu kwa nguvu ndogo ya umeme. Ukivutwa chini na usiachiwe, wote wanakuwa mabubu, hata asiye na kosa.

Na wachimbaji mnawajua kwa miiko. Shimoni hupigi mluzi, na hushuki ukiwa umegombana na mkeo. Kisanduku kilipokuja, nacho kikazaliwa mwiko wake: namba ya kioo haitamkwi kwa sauti mpaka ndoo ya kwanza ya mawe ipande. Kuitaja ni kuiamsha. Kila mtu huinua macho, huitazama, humeza mate, hushuka. Hakuna aliyejua nani aliuanzisha mwiko huo, na hakuna aliyethubutu kuuvunja.

Mdomoni mwa shimo hilo alikaa mwanamke aitwaye Milembe, mponda mawe, mjane. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Lubinza, kijana wa miaka ishirini na miwili, na Lubinza alichimba pamoja na Jidayi, mtoto wa kiume wa Maganga. Milembe aliponda akitazama mambo mawili, nyundo yake na kioo. Hakusoma shule, lakini namba alizijua. Na alijua kwamba namba za hewa hazitulii. Asubuhi saba, mchana kumi na moja, jioni sita.

Jumanne asubuhi aliona nne. Jumanne jioni aliona nne. Jumatano asubuhi, Lubinza akifunga mkanda wa kamba kiunoni, kioo kilikuwa bado kinasema nne. Milembe alifungua kinywa. Akakumbuka mwiko, akakifunga. Alijiambia kwamba nne ni namba nzuri, na kwamba asiyesoma hawasahihishi waliosoma.

Lubinza akamwambia, "Mama, uniwekee kiporo cha viazi."

"Shuka salama, baba," akajibu, na Maganga akaachia winchi polepole. Jidayi alifuata nyuma.

Saa tatu na nusu ardhi ilikohoa. Matimba mawili yalivunjika kule chini, mita thelathini, na mwamba ukafunga ile njia ya pembeni waliyokuwamo vijana wawili. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na maji yakaanza kujaa. Watu walifanya ambacho mtu yeyote angefanya: waliteremsha pampu ya petroli, wakaiwasha humo humo shimoni, wakavuta maji nusu saa. Maji yalipungua. Moshi wa pampu ukabaki.

Bomba la maji lilipita katikati ya kifusi, na mtu akiweka sikio juu aliwasikia. Walikuwa wakigonga kwa mawe. Mmoja aligonga haraka haraka, mwingine polepole. Milembe alilala kifudifudi, sikio kwenye chuma, akasikia wawili. Hakujua wake ni yupi.

Kijana mmoja mwenye nguvu alitazama kioo, akaona nne, akafungwa kamba, akashuka kwenda kufukua. Alipofika mita ishirini kamba ililegea. Maganga alizungusha winchi kwa mikono miwili, wakamtoa akiwa anatapika, macho hayaoni. Kioo kilikuwa kinasema nne.

Hapo ndipo wote walipojua kwamba kioo kinadanganya. Wakawasha feni kubwa, wakaingiza hewa kwa turubai lililoshonwa mrija. Lakini feni ipulize kwa muda gani ndipo hewa iwe njema? Taa haisaidii, moshi ule hauzimi taa, unazima watu. Na kiapo ni kiapo. Watu hamsini walisimama na masururu yao mikononi, na hakuna aliyeshuka.

Nsia alifika akikimbia. Alizima kisanduku, akakiwasha. Kioo kikawaka kitupu, hakina hata namba. Akachomoa waya wa pua. Kioo kikaandika: PUA HAIPO. Akaurudisha. Kioo kikaganda tena.

"Kioo ni kizima," alisema. "Ubongo nao ni mzima. Kuna kitu kinauvuta waya wa data na hakiuachii."

"Mwanangu anagonga," alisema Milembe.

"Nasikia, mama."

Fundi Gwandu alitoa mita yake. Akagusa waya wa data kwa sindano moja, na waya wa ardhi kwa nyingine. "Unatakiwa usimame kwenye volti tatu na kidogo," alisema. "Umesimama kwenye sifuri nukta tisa. Huu haujasimama, umelala." Akaanza kupima. Alipima betri, alipima swichi, alipima soketi za kisanduku moja moja. Alipima mpaka vitu ambavyo havikuwa na haja ya kupimwa. Ilipita robo saa, ikapita nusu saa. Milembe alimwangalia usoni, na alimwona mtu anayejua anachokitafuta kiko wapi lakini hataki kukikuta. Mwishowe Gwandu akaweka mita chini.

"Wiki mbili zilizopita ndoo ilivunja kioo," alisema. "Nikaweka kingine. Kile cha zamani kilikuwa na rezista mbili ndogo za kuunyanyua waya. Hiki hakina. Niliona. Lakini kiliwaka, namba zikaja, nikasema liwalo na liwe. Sikumwambia binti."

Alipasua redio mbovu, akatoa rezista mbili, akazichomelea kwa risasi. Mita ikapanda hadi mbili nukta moja. Kioo kikatikisika, kikaandika uchafu, herufi zisizo za lugha yoyote. Kwa hiyo waya ulikuwa umenyanyuka, lakini maneno yalikuwa hayafiki.

Sasa ikawa zamu ya Nsia. Alifungua kompyuta yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasoma mistari yake mwenyewe. Akaisoma tena. Milembe alikuwa kwenye bomba, na bado walikuwa wawili, yule wa haraka akiwa amepunguza haraka yake.

"Binti, unasoma nini muda wote huo?" aliuliza Gwandu. "Si wewe uliyeiandika mistari hiyo?"

"Ndiyo maana nasoma," alijibu Nsia.

Kisha akasema bila kuinua kichwa. "Mwanzoni kioo kilikuwa kikipepesa, namba inakuja inapotea. Watu walinicheka. Nikaamuru kishike namba ya mwisho, hata kama hakuna mpya. Na nikaamuru maongezi ya waya yaende mbio kabisa, wageni wakija waone namba zinabadilika haraka. Nilijua waya umerefushwa. Waya mrefu haubebi mbio. Nilisema nitarekebisha mwezi ujao."

Akaandika upya. Alipunguza mwendo wa maongezi mara arobaini. Alikifundisha kioo kuchora mistari mitupu kisipojua, badala ya kung'ang'ania la jana. Akapeleka amri kwenye ubongo. Kioo kikachora mistari. Kikaandika mia tano na sita. Mistari. Mistari. Tisa. Mistari. Kwa hiyo pua ilikuwa hai na ilikuwa ikijaribu kusema, lakini ni nani angeshusha watu kwa kuamini tisa ile?

Na hapo hapo, kwenye bomba, mmoja akaacha kugonga.

Milembe alinyanyuka. Watu walimwona usoni wakajua. "Amebaki mmoja," alisema, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Maganga alikuwa ameshika mkono wa winchi, na hakuuachia.

Naye akaongea. "Mita kumi na mbili. Shimo lilipoongezwa kina, niliunga waya. Niliwaambia nimempelekea Fundi akachomelea kwa risasi. Sikumpelekea. Siku ile ndoo zilikuwa zinasubiri. Nilisokota kwa mkono, nikafunga mpira wa tyubu. Tangu mvua zianze, maji yanadondokea pale pale."

Gwandu akamtazama. "Nilijua hukuleta."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema, tena tunasema tukiwa tumekaa. Maganga hakukaa. Alijifunga kamba, akijua anavunja kiapo, akatia tepu na kisu mfukoni. Mtoto wake alikuwa chini, mkumbuke, na tangu saa tatu na nusu mtu huyu aliijua ile mita kumi na mbili. Alinyamaza kwa sababu kama kosa ni lile fundo, basi aliyewafungia vijana wale msaada ni yeye, na alikuwa akimwomba Mungu kosa liwe la mwingine. Mimi simtetei. Nawaambia tu nilivyoambiwa.

"Winchi nani atashika?" aliuliza mtu.

"Mimi," alisema Milembe, na wanawake wawili wakashika pamoja naye.

Walimteremsha hadi mita kumi na mbili akaning'inia hapo ndani ya mabaki ya moshi, akikata, akimenya waya kwa meno, akiusokota upya mkavu, akifunga tepu safu tano na mfuko wa nailoni juu yake. Milembe alihesabu pumzi zake mwenyewe mpaka mia mbili. Kamba ikavutwa mara mbili. Walipomtoa hakuweza kusimama. Alitambaa hadi kwenye nguzo akitapika, akainua macho kwenye kioo.

Kioo kiliandika mia tatu na kumi. Kikakaa. Kikaandika mia tatu na mbili. Mia mbili na tisini. Namba ilikuwa inatembea. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, ilikuwa inasema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa kwamba bado hakuna anayeweza kushuka.

Walisimama dakika arobaini wakiitazama ikishuka. Safari hii watu waliitamka kwa sauti, hamsini kwa pamoja, mwiko au si mwiko. Ilipofika thelathini na nne, wafukuaji sita walishuka.

Saa tisa alasiri walimtoa Lubinza akiwa hai. Alikuwa hajijui, lakini alipumua. Baada yake walimtoa Jidayi. Alikuwa bado na joto. Mganga wa zahanati alimgusa shingo, akamfunua macho, akasema, "Huyu hajakufa asubuhi. Ni saa moja iliyopita, au zaidi kidogo." Angeweza kulificha hilo, hakulificha. Maganga alisikia. Gwandu alisikia. Nsia alisikia, akaenda nyuma ya lundo la mawe, na kilio chake kilisikika mpaka sokoni.

Sasa fanyeni hesabu mnayoitaka. Rezista zingewekwa bila kupunguza mwendo, kioo kisingesema. Mwendo ungepunguzwa fundo likiwa bovu, kioo kisingesema. Fundo lingefungwa bila rezista, kioo kisingesema. Kila mmoja alifanya theluthi ya kazi iliyomtoa Lubinza. Na kila mmoja alifanya theluthi ya ubovu uliomchelewesha Jidayi, na akaongeza kimya chake juu.

Walimzika Jidayi Alhamisi. Ijumaa ikawa siku ya wembe.

Kasenzemba wana desturi yao. Anayefukuliwa hai amezaliwa mara ya pili, na kuzaliwa kunataka mzazi. Siku ya tatu, ikihesabiwa tangu ile aliyotolewa, huketishwa mdomoni mwa shimo, hulowanishwa kichwa, na mzazi aliyemzaa kwanza humkabidhi wembe mzazi wa pili, yule aliyemwokoa. Mzazi wa pili humnyoa, na tangu hapo kijana ni wake pia. Kijana atamlimia na kumjengea mzazi huyo, na mzazi akifa, kijana atamzika. Zaidi ya yote, mzazi wa pili ndiye mwenye neno la mwisho kama kijana atashuka tena shimoni au hatashuka. Mzazi wa pili ni mmoja tu. Msiniambie wangempa wote watatu, walishajaribu kuuliza hilo, na wakubwa wa machimbo wakakataa. Na wembe lazima ukabidhiwe kabla nywele hazijakauka. Zikikauka zikiwa kichwani, wanasema, ardhi humdai mtu wake.

Cheka ukitaka. Milembe hakucheka. Alikuwa amemzaa mmoja, na alijua kwamba jina atakalolitaja ndilo litakaloamua kama atazikwa na mtoto wake au atamzika.

Lubinza aliketi juu ya ndoo, shingo imelegea. Moshi ulikuwa umemwachia kichwa kizito. Ukimuuliza jambo, jibu lilikuja baadaye sana. Hakuwa ameuliza Jidayi yuko wapi. Milembe alimmiminia maji, akashika wembe, akawageukia wale watatu.

Watu wa sokoni walisema apewe Gwandu. Ni yeye aliyeanza kukiri, na bila wa kwanza hakuna wa pili. Gwandu alisogea mbele, kofia mkononi. "Mama Lubinza, nikipewa nitamkalisha kibandani kwangu, nimfundishe mita na risasi. Ni kazi ya kivulini. Sijui kama ataipenda. Na mimi sikukosea kwa kutojua, nilikosea nikijua. Hilo nalo ulipime."

Wanawake walisema apewe Nsia. Kisanduku ni chake, bila yeye pasingekuwa na cha kutengeneza, na wale sita wangeshuka kufa. Nsia alisema akitazama chini. "Mama, nina miaka ishirini na sita. Nitamwita mtu wa ishirini na mbili mwanangu? Lakini ukinipa, nakuapia hatashuka tena shimo lolote. Hata akinichukia."

Wachimbaji walisema apewe Maganga. Wengine walitoa muda na akili, yeye aliingiza pumzi yake ndani ya moshi. Na leo nyumbani kwake hakuna wa kumzika. Maganga alikuwa bado kwenye winchi, nguo zile zile za mazishi.

"Baba Jidayi," Milembe alimwita, na jina hilo lilimtoka kabla hajalifikiri.

"Niite hivyo hivyo," alisema Maganga. "Mama Lubinza, usinipe kwa sababu wangu amekufa. Kama nilifanya kazi, nipe kwa kazi. Kama sikufanya, mpe mwingine, nami nitamshangilia."

"Nikikupa, atashuka?"

Maganga alimtazama Lubinza. "Hajui kazi nyingine. Sitamzuia. Lakini mshika winchi nitakuwa mimi."

Lilikuwa jibu la mtu asiyesema uongo tena, na Milembe alitamani lingekuwa uongo.

Hapo alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema, "Niliona nne. Jumanne asubuhi, Jumanne jioni, Jumatano asubuhi. Nilijua hewa haitulii hivyo. Niliuogopa mwiko, nikaponda mawe yangu."

Maganga aliachia mkono wa winchi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Jumanne," alisema. "Ungesema Jumanne, tungekishusha kisanduku kwa Fundi."

"Ndiyo."

"Na wangu angekuwa hapa."

"Ndiyo, baba Jidayi."

Hakumtukana. Pengine angemtukana ingekuwa rahisi. Alirudi akashika winchi yake, na watu wakaanza kubishana upya, safari hii wakiuliza kama mwanamke huyu ana haki hata ya kuushika wembe. Wengine walisema deni lake kwa Maganga linamaliza maneno. Wengine walisema mtoto si fidia, mtu halipi kifo kwa kugawa uhai wa mwingine. Wengine walisema kwamba baada ya yote aliyoyakiri, anachodaiwa ni jambo moja tu, kumpa Lubinza kwa yule atakayemweka mbali na shimo, na huyo ni binti wa Moshi. Gwandu alikuwa akikunja kofia na kuikunjua. Lubinza aliinua kichwa, akamtazama mama yake, akauliza polepole, "Mama, Jidayi hajaja kuninyoa?"

Jua lilikuwa limesimama juu ya utosi, na pale kisogoni nywele zilikuwa zimeshaanza kukauka.

Mimi naishia hapa. Mkono wa Milembe umenyooshwa, wembe uko kiganjani, na watu watatu wamesimama mbele yake. Wewe unayenitazama, ndiyo, wewe: ungempa nani? Sema upesi, kichwa cha kijana kinakauka.